Wapimaji wa Ufuko wa Magara

Barabara ya taifa namba 3 inatoka Bujumbura kuelekea kusini ikiwa imebanwa: kushoto milima ya Mumirwa, kulia ziwa. Karibu na Gitaza mlima na maji nusura yagusane, na mwaka 2015 mlima wenyewe uliporomoka, ukafunika nyumba na kuikata njia. Ukishapita hapo unafika Magara, kisha Minago, kisha Rumonge yenye mawese yake. Wasafiri wengi huifuata barabara hii kwa ajili ya samaki wake, mukeke na ndagala. Mimi niliifuata nikitafuta nani alimpima nani kwenye ufuko huu, kwa chombo gani, na alitaka kujua nini.

Kituo cha kwanza ni Mugere, kilomita kumi na kitu kutoka mjini. Hapo lipo jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Utawasikia watu wakikwambia ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakaazima mtumbwi wa Said bin Majid na kupanda kaskazini wakiambaa na ufuko wa Urundi. Kitabu cha Stanley kinaitaja Magara, kwa jina la Magala, miongoni mwa sehemu walizopitia. Walichokuja kupima ni maji: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Unaingia. Wakageuza mtumbwi. Miaka minane baadaye Mapadre Weupe wakafungua misheni Rumonge, nayo haikudumu, maana mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa.

Waliopima miili ya watu walikuja baadaye kidogo, na walianza na vidole. Malale yalipoingia Imbo, uwanda huu wa kando ya ziwa, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walijenga kambi za wagonjwa kandokando ya ziwa. Mtu alisimamishwa, daktari akapitisha vidole nyuma ya shingo yake kutafuta tezi zilizovimba. Akizipata, alizidunga sindano, akavuta majimaji na kuyatazama kwenye hadubini. Aliyekutwa na vimelea alitibiwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki ambayo Robert Koch aliijaribu visiwani Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, na ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Hivyo ndivyo uchunguzi wa mwili kwa mkono wa kigeni ulivyofika kwa watu wengi wa huku: shingo yako ikishikwa, huenda usilale kwako usiku huo.

Kundi la pili lilikuja na koleo za kupimia fuvu na pua. Mpolandi Jan Czekanowski, aliyefuatana na msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg mwaka 1907 na 1908, alipima maelfu ya watu, wengi wao Rwanda. Baada ya Wabelgiji kuchukua nafasi ya Wajerumani kazi iliendelea, na mwaka 1954 Jean Hiernaux alichapisha kitabu kizima cha maumbile ya watu wa Ruanda na Urundi. Urefu wa mtu, katika vitabu vya aina hii, ulikuwa jibu la swali la asili: mrefu ni wa kabila hili, mfupi ni wa lile. Hiernaux mwenyewe, tumtendee haki, alikuja kuwa miongoni mwa wanasayansi walioikataa dhana ya mbari. Lakini swali lilikwisha kushuka mitaani. Tarehe 29 Aprili 1972 damu ilianza kumwagika Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji ya dola yakaenea nchi nzima, na wakimbizi waliovuka kwenda Tanzania walisimulia jinsi umbo la mwili lilivyofanywa ushahidi. Sitaki kulipamba jambo hilo. Nalitaja kwa sababu futi ya kupimia urefu, katika nchi hii, haikuanza ikiwa chombo kisicho na hatia.

Mizani ya watoto ilifuata njia yake nyingine, tangu Ulaya. Mbelgiji Adolphe Quetelet alichapisha mwaka 1835 jedwali za uzito na urefu wa watu wa nchi yake tangu kuzaliwa. Mwaka 1892 daktari Pierre Budin akaanza pale Paris kuwaita akina mama warudi na vichanga vyao kila wiki, wapimwe na kushauriwa juu ya maziwa. Mtindo huo ulivuka hadi Kongo ya Wabelgiji, ambako jumuiya ya kuwalinda watoto weusi iliundwa mwaka 1912. Sabuni na nguo za mtoto zilitolewa ili akina mama wahudhurie. Ukarimu ulikuwepo, na hesabu ilikuwepo pia: wakoloni walihofia watu kupungua, kwa kuwa watu wakipungua migodi na mashamba yangekosa mikono. Mtoto alipanda mizanini kama mfanyakazi wa kesho.

Bibi zetu nao walikuwa na kipimo chao, na hakuna aliyewapa sabuni kwa ajili yake. Walifunga uzi au shanga kiunoni mwa mtoto. Zikibana, mtoto anajaza. Zikilegea, kuna jambo. Wala haukuhitajika mwezi wa kuzaliwa.

Wazo hilo hilo ndilo lililomo kwenye utepe wa rangi tatu unaouona leo katika vituo vingi vya afya. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere, aliandika mwaka 1966 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima lishe ya jamii nzima, ukiwemo mzingo wa mkono. Mwaka 1974 Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley wakaeleza utepe wenye rangi ambao hata asiyesoma anaweza kuutumia. Siri yake ni kwamba kati ya mwaka mmoja na mitano mkono wa juu haubadiliki sana: mafuta ya utotoni yanapungua, msuli unachukua nafasi yake. Basi huhitaji tarehe ya kuzaliwa. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, utepe ukazungushwa bila kukaza wala kulegeza. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali, hadi 12.5 ni njano.

Utepe peke yake haumalizi. Mwuguzi anashika miguu yote miwili ya mtoto, anabonyeza kwa vidole gumba juu ya unyayo, anahesabu hadi sekunde tatu, kisha anaachia. Pakibaki kishimo kwenye miguu yote, mtoto amevimba, na mwili uliovimba huidanganya mizani: kilo zinasoma vizuri kumbe ni maji. Mama akiuliza, "Mbona amenenepa, dada?" mwuguzi inambidi aeleze taratibu, maana kumwambia mzazi kwamba unene anaoufurahia ni njaa si jambo la kusema ukiwa umesimama mlangoni.

Kwa aliyezaliwa leo, kazi huanza mapema zaidi. Dakika ya kwanza na ya tano mkunga anatazama mambo matano aliyoyapanga daktari Virginia Apgar mwaka 1952: mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa viungo, kushtuka akiguswa, na rangi. Kila moja hupewa 0, 1 au 2. Kisha kichwa kinazungushiwa utepe, kawaida sentimita 33 hadi 37, na kidole kinapita polepole juu ya utosi. Utosi uliozama unasema maji yamepungua mwilini. Uliotuna, mtoto akiwa ametulia, unasema kuna hatari ndani ya kichwa. Mizani inafuata, na mpaka unaotazamwa ni gramu 2,500. Siku za mwanzo mtoto anaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake na kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Mama asiyeambiwa hili anaona maziwa yake hayatoshi na kukimbilia chupa.

Mizani isipokuwepo? Kusini mwa Tanzania watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walijaribu kupima unyayo. Unyayo usiofika sentimita 7 uliwaonyesha watoto wadogo mno, wanaohitaji kuangaliwa zaidi na kuwekwa kifuani mwa mama wapate joto. Nakiri kwamba katika vipimo vyote vya makala hii, hiki ndicho ninachokipenda. Hakina betri wala springi, na picha ya unyayo inaweza kubandikwa ukutani.

Turudi kwenye urefu, maana ndipo hoja ilipo. Mpimaji akishapata sentimita zake, anazilinganisha na nani? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 dunia nzima ililinganishwa na watoto wa Marekani, na jedwali la wadogo kabisa lilitokana na utafiti mmoja wa jimbo la Ohio, ambako wengi walinyweshwa maziwa ya chupa. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani likafanya jambo jingine. Liliwafuata watoto walionyonyeshwa vizuri, waliochanjwa, ambao mama zao hawakuvuta sigara, katika miji sita: Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis. Matokeo yalitangazwa Aprili 2006. Wakishapata chakula na afya, watoto wa Accra, Oslo na Delhi hurefuka karibu sawa: katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, asilimia 3 tu ndizo zilizotokana na mahali, na kama 70 zilikuwa kati ya mtoto na mtoto wa mahali palepale.

Sasa ichukue takwimu hiyo uilete Burundi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, idadi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kwa macho ya Czekanowski, huo ungekuwa urithi wa damu. Kwa jedwali la 2006, ni njaa ya muda mrefu, ni kuhara kusikokwisha, ni mama aliyekonda tangu mimba. Watu wa nchi hii waliambiwa kwa miongo kadhaa kwamba kimo ni kabila, na bado utamsikia mtu mzima, msomi kabisa, akimtazama mtoto aliyedumaa na kusema "ndivyo walivyo watu wa kwao". Kauli hiyo inamfunga mtoto kinywa kabla hajaomba chakula.

Na hapa Magara jambo hilo linakera zaidi, kwa sababu chakula kinaonekana. Ndagala wanaanikwa juani. Mawese yanaletwa kutoka Rumonge, mihogo inateremka kutoka milimani. Ila ndagala hupanda gari la Bujumbura kwa sababu wana bei, na mtoto aliyeachishwa kunyonya anabaki na ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure tangu Mei 2006, kwa hiyo mama anakuja kituoni. Anakuja, mtoto anapimwa kilo, anaandikiwa, anarudi kwenye chungu kilekile. Mkoani Iringa, Tanzania, katika mradi ulioanza miaka ya 1980 kwenye vijiji 168, kilo za watoto zilisomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kamati ikaulizana nani atakula nini, nani atamwangalia mtoto mama akiwa shambani. Utapiamlo mkali ulipungua. Nadhani siri haikuwa mizani, ilikuwa ni kikao.

Kuna tatizo jingine ambalo wapimaji hawalisemi sana: umri. Kudumaa ni urefu kwa umri, na ukikosea miezi mitatu unaweza kumhamisha mtoto upande wa pili wa mstari. Cheti kikiwa hakipo, watafiti hutumia kalenda ya matukio. Kwenye ufuko huu kalenda hiyo imejaa maji. Alizaliwa kabla ziwa halijapanda na kuingia nyumbani, au baada? Kabla ya mafuriko ya 2024, au baada? Kabla ya mwanzo wa 2025, Wakongo walipoanza kuvuka kwa wingi wakikimbia vita vya Kivu, au baada? Kwa mtoto aliyefika kwa mashua bila karatasi yoyote, hata maswali hayo hayana maana kwa mama yake, naye hupimwa kwa utepe wa mkono ambao hauulizi miaka.

Utepe unasema habari za mwezi huu. Urefu unasimulia tangu mimba. Vituo vingi vya Afrika Mashariki hupima kilo kila mwezi na kuuacha urefu, kwa kuwa unataka watu wawili na ubao. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa: mmoja anashika kichwa kikiugusa ubao, mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kibao cha miguu, mtoto akilia kwa nguvu zake zote. Mkubwa husimama, na ukimpima amelala unapaswa kutoa sentimita 0.7. Ubao wenyewe ni mbao tatu na futi iliyopigiliwa sawasawa. Seremala yeyote wa Rumonge anayeunda mitumbwi anaweza kuutengeneza, mradi apewe kipimo sahihi na mtu wa kuukagua.