Mbwa Kali: Historia Fupi ya Onyo Langoni

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mpita njia hukutana na kibao kilichopigiliwa langoni, chenye maneno mawili tu: MBWA KALI. Hapa Uganda, ambako Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, wako wanafunzi wetu ambao maneno hayo ndiyo ya kwanza ya Kiswahili waliyopata kuyasoma, kabla hata hawajatuona sisi darasani. Walimu wa Kiswahili hukerwa na kibao hicho mara mbili: kwanza kwa ajili ya mbwa, pili kwa ajili ya sarufi. Ya sarufi tutayafikia baadaye. Tuanze na ya mbwa, maana ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Kero za mbwa wa jirani ni ndogo ndogo, na kwa sababu ya udogo wake mtu huona haya kuzilalamikia. Jirani yetu mmoja huwafungulia mbwa wake saa mbili za usiku, nao hubweka mpaka majogoo. Kukipambazuka, kijia wanachopita watoto wa shule huwa kimetapakaa kinyesi. Ukimweleza, hucheka na kusema, "Hao hawaumi, mwalimu, wanacheza tu." Takriban kila mwenye mbwa huyasema maneno hayo, na aghalabu huyasema kwa moyo safi, kwa kuwa yeye mbwa wake hawamuumi.

Miaka michache iliyopita msichana mmoja wa darasa letu aliumwa mguuni na mbwa mmoja wa nyumba hiyo. Hakuingia uani mwa mtu; alikuwa akipita njia ya watu wote, na lango lilikuwa wazi. Tulipokwenda kwa mwenye mbwa, hakuomba radhi. Alinyoosha kidole kwenye kibao chake akasema, "Mwalimu, si nyinyi mnaofundisha watu kusoma? Onyo hilo hapo."

Siku ile hatukuwa na jibu. Lakini swali lilibaki nasi: mtu akishatundika onyo, je, dhima imemtoka? Katika kulitafutia jibu tulirudi kwenye vitabu vya historia, tukakuta kwamba watu wameligombania jambo hili kwa muda wa miaka karibu elfu nne.

Sheria ya Eshnunna

Katika miaka ya 1945 na 1947 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua, mahali paitwapo Tell Harmal mjini Baghdad, mabamba ya udongo yaliyoandikwa sheria za mji wa kale wa Eshnunna. Sheria hizo zakadiriwa kuwa ziliandikwa karibu mwaka 1770 kabla ya Kristo, nazo zatangulia kidogo zile mashuhuri za Hammurabi wa Babeli. Kati ya vifungu vyake kimo kimoja kihusucho mbwa. Chasema kwamba ikiwa mbwa ni mkali, na wakuu wa mtaa wamempa mwenyewe habari, naye asimzuie, kisha mbwa huyo amuume mtu hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Akiwa aliyekufa ni mtumwa, atalipa shekeli 15.

Ili msomaji apate kuupima uzito wa shekeli 40, na aangalie kifungu kingine cha sheria zizo hizo, kisemacho kwamba ujira wa kibarua kwa mwezi mmoja ni shekeli moja. Mwenye mbwa, basi, alilipa ujira wa zaidi ya miaka mitatu. Tofauti ya thamani ya mtu huru na ya mtumwa yatuchoma sisi wa leo, nasi hatuitetei. Lakini latuvutia jambo jingine. Sheria hii yatambua onyo, na onyo lenyewe ni sharti la adhabu. Je, aonywaye ni nani? Si mpita njia. Ni mwenye mbwa. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chaweka hukumu ya namna hiyo juu ya ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe, ikiwa mwenyewe ameonywa wala hakumfunga.

Inafaa kuongeza hapa neno moja la wenye lugha. Neno la Kiakadi lililotumika kumweleza mbwa huyo, wataalamu wengine hulifasiri "mkali" na wengine "mwenye kichaa". Ikiwa hao wa pili wamesadifu, basi kifungu hiki ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayotaja kichaa cha mbwa.

Kizingiti cha Pompeii

Kibao cha jirani yetu nacho kina nasaba ndefu. Katika mji wa Pompeii nchini Italia, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, iko nyumba ambayo kwenye sakafu ya mlango wake imetiwa nakshi ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Nakshi hiyo yaonyesha mbwa aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno mawili ya Kilatini: CAVE CANEM, yaani "jihadhari na mbwa". Maneno ni mawili kama yetu, na mahali ni palepale pa kuingilia.

Hata hivyo, Warumi hawakuamini kwamba maneno hayo yatosha. Maofisa waliosimamia masoko na barabara zao walikuwa na amri iliyokataza mtu kuweka mbwa, nguruwe mwitu, dubu au simba karibu na njia ipitwayo na watu. Mtu huru akidhurika, hakimu ndiye aliyekadiria fidia iliyo ya haki. Hasara nyingine zililipwa mara mbili ya thamani yake. Tazama mbwa alivyotajwa katika jamii moja na simba. Basi Mrumi aliyekuwa na nakshi nzuri mlangoni aliweza pia kupelekwa mbele ya hakimu. Nakshi ilikuwa adabu tu kwa mgeni, wala haikuwa kinga ya mwenyeji.

Mbwa aadhibiwapo badala ya mtu

Serikali nyingi zimechoshwa na kazi ya kuwakabili wenye mbwa, zikaona wepesi kuwakabili mbwa. Mwaka 1832 wenye mamlaka wa Kiingereza mjini Bombay waliamuru mbwa wa mitaani wauawe, na polisi wakawa wanalipwa kwa kila mbwa. Kwa tamaa ya malipo hayo, wengine waliingia hata majumbani. Waparsi, ambao dini yao humheshimu mbwa, na ambao baadhi ya jamaa zao waliishi Unguja pia, waliinuka tarehe 6 Juni, na mji ukasimama kwa ghasia. Mwaka 1910 ikawa zamu ya Istanbul. Maelfu ya mbwa wa mitaani walikusanywa, wakapelekwa katika kisiwa cha Sivriada, kisicho na chakula wala maji, wakaachwa huko wafe. Watu wa mjini walisimulia kwamba sauti za vilio vyao zilivuka bahari. Mbwa hao hawakuwa na mwenyewe mmoja. Mtaa mzima uliwalisha. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulizwa, mnyama ndiye aliyelipa.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1897 waziri wa kilimo, Walter Long, aliweka amri kali za kuwafunga mbwa midomo katika wilaya zenye kichaa cha mbwa, na za kuwaweka kizuizini mbwa waingiao kutoka ng'ambo. Wenye mbwa walighadhibika. Waliona kwamba mbwa wao, ambao hawaumi, wanateswa bure. Lakini kufikia mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha katika nchi. Ulirudi mwaka 1918, kwa mbwa walioingizwa nchini kwa kificho mwisho wa vita, ukakomeshwa tena mwaka 1922. Ghadhabu za wenye mbwa zilipoa, na watoto waliookoka hawakuhesabiwa na mtu, kwa sababu asiyeumwa hana habari.

Karibu na siku zetu, miji miwili mikubwa ilihangaika na kinyesi, ile kero yetu ya asubuhi. Jiji la New York lilianza kutumia, tarehe 1 Agosti 1978, sheria iliyomtaka kila mwenye mbwa aokote kinyesi cha mbwa wake njiani, la sivyo alipe faini isiyozidi dola 100. Wengi walicheka, wakasema hakuna muungwana atakayeinama barabarani kwa kazi hiyo. Leo huinama bila kuambiwa. Paris ilichagua kinyume chake: tangu miaka ya 1980 serikali ya jiji iliweka pikipiki maalumu zenye mtambo wa kufyonza kinyesi, zikipita kufagia nyuma ya wenye mbwa. Kazi ilikuwa ghali, na njia hazikutakata, kwa kuwa mwenye mbwa alijua kwamba yuko mtu atakayemfagilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pikipiki ziliondolewa, jiji likageukia faini.

Hapa ndipo tunapoliona fundisho la historia hii. Palipoonywa mpita njia, pakauawa mbwa, au pakalipwa mtu mwingine afagie, kero iliendelea. Palipoguswa mwenye mbwa, kero ilipungua.

Kero ndogo na kifo

Huenda msomaji akasema kwamba tumekuza jambo dogo. Na akumbuke basi kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina dawa. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alianza kumchanja mjini Paris mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa. Mvulana huyo akapona. Tangu siku ile wanadamu wanayo kinga. Na bado Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na kama wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa. Shirika hilo hushauri jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe kupata chanjo bila kukawia. Mwalimu yeyote anaweza kulifundisha hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili.

Dawa ya asili ya tatizo, hata hivyo, iko kwa mwenye mbwa. Inasemwa kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kisiwani Pemba, kwa kuwachanja mbwa kwa wingi, uambukizo ulikatwa mara mbili katika miaka kati ya 2010 na 2018: ulikoma, ukaingia tena kutoka nje, ukakomeshwa tena. Pemba si Uingereza. Ni jirani zetu, na wamefanya.

Mkali au kali?

Sasa turudi kwenye sarufi. Kila mwanafunzi wetu hujifunza kwamba neno mbwa, ijapokuwa kwa umbo ni la ngeli ya N, hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai. Twasema mbwa mkali amelala, mbwa wakali wamelala. Kibao chasema mbwa kali, kama tusemavyo pilipili kali au dawa kali. Sarufi hiyo ndiyo ya Kiswahili cha bara cha wakati wa ukoloni, kile kilichoitwa Kisetla, kilichosemwa baina ya bwana shambani na mtumishi wake bila kujali upatanisho. Kosa lenyewe lina maana. Kibao kimemtoa mbwa katika viumbe, kikamtia katika vitu, sawa na seng'enge na vigae vya chupa juu ya ukuta. Wala hakisemi kama ni mmoja au ni wengi. Na mtu aliyekwisha kumfanya mbwa wake kuwa kitu, hamchanji, hamfunzi, wala haoni kwamba ana la kujibu kwa ajili yake.

Wazee wetu waliikosoa sarufi hiyo kabla kibao hakijatundikwa, waliposema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Upatanisho umetimia, na ukali umepelekwa kwa mwenye mbwa kwanza.

Msichana wetu alichanjwa, akapona. Safari za zahanati zilikuwa nyingi, na nauli ililipwa na mama yake, ambaye hakuwa na mbwa wala kibao. Mpaka alipomaliza shule alizunguka njia ya mbali asipite lango lile. Sisi tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamwomba afanye kama walivyofanya wakuu wa Eshnunna: ampe mwenye mbwa habari, mbele ya mashahidi. Alifanya hivyo. Lango sasa hufungwa, na mbwa wamechanjwa. Kubweka kungalipo.

Twawashauri walimu wenzetu wajaribu zoezi moja darasani. Waambieni wanafunzi wakisahihishe kibao cha MBWA KALI, kisha waandike kibao cha pili, kinachotazama ndani ya ua na kumwonya mwenye nyumba. Darasa letu lilipolifanya zoezi hili, msichana yule aliandika maneno manne, na upatanisho wake haukuwa na kosa: MWENYE MBWA, FUNGA LANGO.