Hewa Iliyofungika Katika Jiwe

Mwaka 1739 Bunge la Uingereza liliidhinisha bibi mmoja, Joanna Stephens, alipwe pauni 5,000 ili aitoe hadharani siri ya dawa yake ya mawe ya kibofu, maradhi yaliyowatesa matajiri na mafakiri kwa kadiri moja. Na siri ilipofichuka, ikadhihirika kuwa dawa ile ilikuwa aghalabu maganda ya mayai na makombe ya konokono yaliyochomwa, pamoja na sabuni. Ganda la yai likichomwa sana huwa chokaa, na kwa sababu hiyo matabibu wakageukia maji ya chokaa. Huko Edinburgh maprofesa wawili, Robert Whytt na Charles Alston, wakashikana kwa hoja miaka mingi, mmoja akisifu chokaa ya makombe ya chaza, na mwenziwe akimpinga.

Mwanafunzi wao, Joseph Black, aliyekuwa akitafuta mas'ala ya kuandikia risala yake ya shahada ya utabibu, hakuona busara kujitia katikati ya ugomvi wa walimu, akaiacha chokaa na kuichagua magnesia nyeupe, ambayo hufoka povu ikimwagiwa asidi, kama chaki. Risala ikatoka mwaka 1754, na mwaka 1756 akachapisha maelezo mapana zaidi, ambamo aliirudia ile chokaa aliyoikimbia.

Povu lenyewe halikuwa jambo geni. Kila aliyewahi kutia siki juu ya chaki alikuwa amelisikia likichemka bila moto, na wanavyuoni walilifasiri kuwa ni vita baina ya asidi na alikali, fasiri iliyopendeza masikioni na isiyoeleza kitu. Black alishika mizani. Alichukua chaki ya uzito wa punje 120, kipimo cha wauza dawa wa siku zile, akaichoma hata ikawa chokaa kamili, na alipoipima akakuta punje 68 tu. Chokaa ile akaisaga, akaitia katika maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya majivu, akaiosha na kuikausha. Ikarejea kuwa chaki ya punje 118, na ikitiwa asidi inafoka kama awali, hali chokaa isiyorejeshwa huyeyuka katika asidi kimya, ijapokuwa huhitaji asidi karibu kiasi kile kile. Basi kilichotoroka motoni na kilichotoroka katika povu kilikuwa kitu kimoja, nacho ni hewa yenye uzito wake, iliyokuwa imefungika katika jiwe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kemia ilipopata adabu ya kuhesabu.

Wachoma chokaa wa pwani yetu, waliopanga magogo kwa mviringo na kuyapakia matumbawe juu yake, walikuwa wakiifukuza hewa hiyo hiyo karne nyingi kabla, na kuta za Kilwa na Lamu zimeirudisha kidogo kidogo kutoka angani, hata lipu ikawa jiwe tena.

Aliyeipeleka hewa ile sokoni ni Joseph Priestley, kasisi aliyekaa Leeds jirani na kiwanda cha pombe, ambako aliiona ikitanda juu ya mapipa na kuzima mishumaa. Katika kijitabu chake cha mwaka 1772 alifundisha namna ya kudondosha asidi ya salfa juu ya chaki, kuikusanya hewa katika kibofu cha nguruwe, kisha kuitikisa pamoja na maji mpaka yainywe. Alitaraji kuwa maji hayo yangewaponya mabaharia kiseyeye, na Kapteni Cook akasafiri na vyombo vyake; dhana batili, kwani kiseyeye dawa yake ni ndimu, wala si mapovu. Tabibu John Nooth akalalamika kuwa kibofu kile kiliyapa maji ladha ya mkojo, akatengeneza chombo cha kioo badala yake. Kutoka hapo mambo yakaenda mbio: Jacob Schweppe akaanza biashara ya maji ya soda Geneva mwaka 1783, akahamia London mwaka 1792, na kwa miaka mingi baadaye wenye viwanda waliendelea kununua chaki na asidi kwa ajili ya hewa yake.