Mtu ni Afya: redio iliyochimbisha vyoo

Tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 vigawiwe walimu, tumebishana kuhusu idadi, chaji na bando. Mtu anajifunzaje hasa? Hilo haliulizwi. Zaidi ya nusu karne iliyopita Tanzania ilianzia kwenye swali hilo, na chombo chake kilikuwa redio.

Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, katika kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijaribu vikundi vya redio kwa kampeni ya Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kubwa yao: Mtu ni Afya.

Budd Hall, aliyeongoza utafiti katika Taasisi hiyo, ameandika kwa kirefu jinsi ilivyopangwa. Kwa wiki 12, kikundi kilikutana mara moja kwa wiki. Kwanza walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Kisha walisoma kijitabu cha Kiswahili chepesi, kwa kuwa wengi ndio kwanza walikuwa wamejua kusoma, asiyejua alisomewa. Halafu yakaja mazungumzo: malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Mwisho waliamua la kufanya kijijini kwao, kisha wakalifanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kuongoza mazungumzo, si kuhutubia. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Atatokea wa kusema vyoo vile vilichimbwa kwa shinikizo la TANU, si kwa elimu. Ni kweli chama kilikuwa na mkono mrefu, na choo kilichochimbwa kwa amri huweza kubaki bila mtumiaji. Lakini amri pekee isingehitaji vijitabu, wala kumfundisha kiongozi kunyamaza ili wenzake waseme.

Chakula ni Uhai ilifuata 1975. Baadaye uchumi ukayumba, na vikundi vikafifia. Kompyuta, simu na vishikwambi vimekuja kimoja baada ya kingine, kila kimoja na sherehe yake ya uzinduzi.

Wizara ya Elimu ikinunua vifaa vingine, itenge kwanza fedha za kumwandaa mwalimu kuongoza mjadala, na muda wa wanafunzi kuzungumza walichokiona kwenye kioo. Mwaka 1973 tuliweza, tena kwa redio.