Safari ya Pili ya Slaidi za Kale

Mtu akitoka mjini Goma na kuifuata njia ya Rutshuru, hufika upesi Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo. Ardhi ya huko ni mawe meusi, na mawe hayo yana historia yake. Zamani mlima huu ulikuwa na ziwa la moto kinywani mwake. Haroun Tazieff aliliona mwaka 1948, akalitangaza ulimwenguni. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lile likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ukapita katikati ya mji, ukateketeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukakata njia ya Rutshuru, ukafunika nyumba nyingi za Buhene.

Tena si moto peke yake. Mwaka 2012, na mara nyingine tangu mwaka 2022, Kanyaruchinya ilijaa watu waliokimbia vita vya Rutshuru. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi yao ikaachwa tupu. Basi twauliza: mtu akitaka kujua nchi hii ilikuwaje siku za babu zetu, atatazama nini? Nyumba zimefunikwa, karatasi zimeungua, watu wametawanyika. Mara nyingi zilizosalia ni picha tu, nazo zi mbali, katika sanduku la mtu aliyepita hapa akaenda zake.

Picha nyingi za rangi za miaka ya 1950 na 1960 ni slaidi. Slaidi ni kipande kidogo cha filamu, milimita 24 kwa 36, kilichotiwa katika fremu ya karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 5. Ukipitisha mwanga wa taa, picha yaonekana kubwa ukutani. Mapadre, walimu na watu wa serikali walizipenda kwa kufundishia. Filamu ya Kodachrome ya namna hii ilianza kuuzwa mwaka 1936. Kuisafisha kulikuwa kazi ngumu sana, hata mpiga picha hakuweza kuifanya nyumbani mwake. Ilimpasa kuipeleka kwa posta mpaka kiwanda cha mbali, kisha angoje irudi. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya slaidi. Filamu hiyo haitengenezwi tena tangu mwaka 2009.

Leo slaidi hizo zaanza safari ya pili: zinapelekwa kwa mafundi wenye skana, mashine inayogeuza picha kuwa hesabu za kompyuta. Skana nzuri husoma vidoa 4000 katika kila inchi. Hivyo kipande kile kidogo chatoa vidoa zaidi ya milioni 20. Kazi hii si ndoto. Makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, yahifadhi maelfu ya picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Kongo, Rwanda na Burundi katika siku za ukoloni. Wataalamu wamezipitisha katika skana, wapate kujua misitu ilifika wapi na milima iliporomoka wapi.

Lakini kabla ya safari sharti slaidi zitayarishwe, na aliyezitunza ndiye wa kuitenda kazi hii. Kwanza, asizichanganye. Mpangilio wa sanduku ni ushuhuda: picha isiyo na maandishi yaweza kujulikana kwa jirani zake wawili. Kila fremu ipewe namba kwa kalamu ya risasi, nayo namba hiyo iandikwe katika daftari. Fremu ikiwa na mwezi na mwaka uliopigwa chapa na kiwanda, na vinakiliwe. Ila tukumbuke kwamba hiyo ni tarehe ya kusafishwa, si ya kupigwa picha.

Pili, slaidi ishikwe ukingoni mwa fremu, kwa mikono safi na mikavu. Vumbi liondolewe kwa mpira wa kupulizia na brashi laini, pasipo maji wala mate. Rangi ya picha imo katika utando wa gelatini, kitu kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama. Maji huulainisha, na ukungu huula. Slaidi zenye ukungu zitengwe na zile nzima, aachiwe fundi. Zote zikae mahali pakavu penye giza, maana mwanga hula rangi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: majina. Skana yasoma kila kidoa, lakini haijui jina la mtu hata mmoja. Mara nyingi mpiga picha wa zamani aliandika jina la mlima, wala hakuandika jina la mama aliyesimama mbele yake na kikapu. Jina hilo halimo Ulaya. Limo kinywani mwa mzee aliye hapa, au aliyekimbilia kambini, au aliyehamia kwa wanawe. Tuziinue slaidi mbele ya taa hafifu, tumwulize kwa heshima: “Mzee, hapa ni wapi? Huyu ni nani? Shamba hili lilikuwa la nani?” Tuandike jibu lake pamoja na namba ya slaidi. Wazee wawili wakipingana, tuandike maneno ya wote wawili.

Kisha tupatane na fundi kwa maandishi kwamba slaidi zenyewe zitarudi, pamoja na nakala zake. Nakala zikae mahali pawili mbalimbali, na moja iwe huku huku Kivu, ambako wajukuu wataweza kuzitazama.

Ndugu wasomaji, skana yaweza kungoja mwaka mmoja, hata miwili. Mzee hangoji. Tukipeleka picha kabla ya kuuliza majina, tutarudishiwa nyuso safi zenye rangi nzuri, na hakuna atakayejua ni za nani. Basi tuanze na daftari na kalamu.