Kazi Ilivyokuja na Kuondoka Katika Bonde la Ruzizi

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali, kila mara tunapokutana swali linarudi: vijana wa Sange wamefundishwa ufundi mara nyingi, mbona bado wamekaa kando ya barabara? Wengine wanasema ni uvivu. Sisi tunasema tuangalie kwanza historia ya kazi hapa kwetu, kati ya milima na mto Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Bukavu kwenda Uvira. Tunaiandika kwa ufupi juu tunataka iwe mezani siku tutakapopanga mradi mwingine.

Pamba na sukari

Mwanzo wake ni mchungu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, mpaka siku 60 kwa mwaka. Katika bonde letu zao hilo likawa pamba. Bei ilipangwa na mzungu, na aliyekataa alijua kinachomngoja. Baadaye, chini ya Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 mpaka 1959, yakaja yale waliyoyaita paysannat: mashamba yaliyopimwa kwa kamba, familia kwa familia, na monitere wa kilimo akipita kukagua.

Katika miaka hiyo ya 1950 ndipo kilipoanza kiwanda cha sukari cha Kiliba, kwenye barabara hii hii, kabla ya kufika Uvira. Miwa ilihitaji mifereji, trakta, mizani, mitambo, na watu wa kuviongoza. Kiwanda kikawa na kambi za wafanyakazi, shule na hospitali.

Hatusifu ukoloni. Lakini kuna jambo moja la kushika. Kijana aliyejifunza kuchomelea chuma Kiliba alijifunza mbele ya mashine ileile ambayo kesho yake angelipwa kuitengeneza. Mafunzo na mshahara vilikaa nyumba moja.

Taifa huru na shule ya kazi

Mwaka 1964 serikali ya Kongo ilianzisha INPP, taasisi ya taifa ya kuandaa watu kwa kazi, ambayo leo iko na ofisi Bukavu. Wazo lake lilikuwa zuri: waajiri wachangie fedha, na mafunzo yafuate mahitaji yao. Lakini mwaka huohuo uasi ulilipuka katika bonde letu, na Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi. Halafu mwaka 1973 ikaja Zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu, na mengi hayakuinuka tena. Mfuko unaotegemea waajiri unataka waajiri wawepo. Kwetu walikuwa wachache, na waliendelea kupungua.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira. Kiliba ikafungwa mwaka huo. Mashine zikaachwa kwa kutu, na watu waliozijua wakavuka ziwa.

Ufundi wa uhamishoni

Wengi wetu tulifika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo wa 1996, au Lugufu. Watoto wetu walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Wamama walijifunza kushona, wanaume useremala na ujenzi. Lakini sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 ilibana kutoka kambini. Fundi aliweza kumshonea jirani yake mkimbizi, na jirani hakuwa na pesa. Hapo ndipo tulipoanza kuuzoea ufundi usio na soko.

Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilianza kuvuka kutoka Kigoma kwenda Baraka. Wengine walirudi kutoka Burundi, ng'ambo ya mto. Tulirudi na vyeti na mikono inayojua kazi. Tuliyemkosa ni mtu wa kutuajiri.

Miaka ya miradi

Toka hapo tumeishi kwa miradi. Iko ya aina mbili hasa. Ya kwanza ni ile inayoitwa HIMO: watu wengi, majembe mengi, barabara ya kijiji au mfereji, malipo ya siku. Hiyo imelipa karo za watoto na kununua mbuzi, hatuidharau. Ila mfereji ukiisha, kazi imeisha. Ya pili ni mafunzo ya miezi michache: cherehani, randa, sabuni, kisha cheti na sanduku la vifaa. Watu ishirini wanafundishwa kushona katika mtaa mmoja, na mtaa ule hauna wateja wa kutosha hata mafundi watano. Kabla ya mwaka kwisha, cherehani imeuzwa ili mgonjwa atibiwe. Hapo mfadhili anahesabu watu ishirini waliofundishwa. Sisi tunahesabu wanaokula kwa kazi ile.

Mwaka 2016 Banki ya Dunia ilikubali mradi wa kilimo wa Maziwa Makuu, unaoitwa PICAGL upande wetu: dola milioni 150 kwa Kongo na milioni 75 kwa Burundi. Tunautaja juu ya namna ulivyofikiriwa: nchi mbili, mto mmoja, na mazao yaleyale, mpunga, mihogo na maziwa, kuanzia shamba mpaka mnunuzi. Wazo hilo linafanana na yale ambayo wazee waliyaona Kiliba, tofauti ikiwa mkulima anaweza kuwa mwenye mali.

Tunachoomba

Kwa wafadhili, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya fedha ya mafunzo kutoka, awepo mwajiri aliyeweka sahihi: mwenye mashine ya kukoboa mpunga, gereji, kituo cha afya, koperative ya wafugaji. Kanuni ya Kazi ya 2002 inaujua mkataba wa kujifunza kazi kwa bwana wa ufundi, basi tuutumie. Pili, sehemu ya ruzuku imfikie huyo mwajiri kidogo kidogo, kadiri anavyomweka kijana kazini, na mradi ufike angalau mavuno mawili. Tatu, hesabu ya mwisho ifanywe mwaka mmoja baada ya vyeti kugawiwa. Siku ya sherehe ni mapema mno.

Kwa sisi wanachama, tuko na deni pia. Tuandike daftari moja la ufundi wote tuliorudi nao, nani anajua nini na alijifunza wapi. Wazee waliofanya kazi Kiliba bado wako kati yetu, lakini kila mwaka tunazika mmoja. Tuwakalishe na vijana sasa, wawaonyeshe jinsi mfereji unavyopimwa na jinsi mashine inavyosikilizwa kabla haijavunjika. Kazi hiyo haingoji ruzuku. Na mwajiri akija kutuuliza tuko na watu gani, tumfungulie daftari.