Vijana wa Kamaishi

Watu hupenda kuita muujiza jambo ambalo hawakuiona kazi iliyolitangulia. Ndivyo ilivyokuwa habari ya vijana wa Kamaishi, mji ulioko pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani.

Pwani ile yaijua sana tsunami, yaani mawimbi makuu yazukayo ardhi itetemekapo chini ya bahari. Mwaka 1896 mawimbi hayo yaliua watu zaidi ya 20,000; mwaka 1933 yakarudi, yakaua maelfu tena. Lakini mwanadamu ni msahaulifu. Kuta zilijengwa baharini, ramani za hatari zikachorwa, na wengi wakaamini kuwa wamesalimika.

Miaka kadhaa kabla ya 2011, Profesa Toshitaka Katada wa Chuo Kikuu cha Gunma alianza kuufundisha mji huo mambo matatu, akianzia shuleni. La kwanza, usiitegemee ramani. La pili, fanya kila uwezalo. La tatu, uwe wa kwanza kukimbia. Hili la mwisho huenda likadhaniwa kuwa ni woga, wala silo. Hatari ijapo, watu hutazamana, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Akiondoka mmoja, wengine huzinduka wakamfuata.

Tarehe 11 Machi, 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitikisika vibaya. Umeme ulikatika, hata tangazo lisiweze kutolewa katika shule ya kati ya Kamaishi Mashariki. Wanafunzi wake, vijana wa miaka 12 hadi 15, hawakungoja. Walitoka mbio kuelekea mlimani. Katika shule ya msingi ya Unosumai, iliyokuwa jirani, watoto walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wao wakikimbia, walishuka wakafuatana nao. Shule zote mbili, kwa mujibu wa ramani, zilikuwa nje ya eneo la hatari.

Walipofika mahali pa kwanza pa kukimbilia, iliona wazi kuwa mlima ulikuwa ukimomonyoka. Basi wakaendelea kupanda, vijana wakiwashika mikono wadogo, na watu wazima wa mtaa wakaungana nao. Haukupita muda mrefu, bahari ikapafunika pale walipotoka, na maji yakafika ghorofa ya tatu ya shule ya msingi.

Siku hiyo watu zaidi ya 1,000 wa Kamaishi walikufa au kupotea. Lakini katika wanafunzi wa mji huo, karibu 3,000, waliokufa ni 5, nao hawakuwa mikononi mwa shule wakati ule.

Je, huo ni muujiza? Hasha. Ni matunda ya mafunzo yaliyorudiwa mwaka hata mwaka, na ya vijana walioyatii bila kungoja kuambiwa.

Sisi nasi tuna misiba yetu. Mto Tana na mto Nzoia hufurika, na mawimbi yaliyozuka karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba, 2004, yalifika hata pwani ya Kenya. Kwa hiyo, msomaji kijana, ijue njia ya kwendea mahali pa juu kungali kukavu. Nawe siku ya hatari, ondoka mapema, umshike mkono mdogo wako. Wazee watakuona, nao watafuata.