Njia za Kando ya Mto, toka Ubundu mpaka Kisangani

Mto ni njia aliyoitengeneza Mungu mwenyewe. Lakini pako mahali ambapo njia hiyo hukatika, na hapo miguu ya watu huanza kazi yake. Kwetu Kongo mahali panapojulikana sana ni kati ya Ubundu na Kisangani. Hapo maji ya Lualaba huporomoka mara saba, katika mwendo wa kilometa mia hivi, wala hakuna meli iwezayo kupita.

Wazee wetu hawakushindwa. Wagenia walijua kuongoza mitumbwi katika maji makali. Walengola na Wakumu walikuwa na vijia vyao msituni, vyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa vijia hivyo watu walikwenda kuoa, kubadili samaki kwa ndizi, na kulia pamoja na wafiwa. Ndiyo kazi ya kwanza ya njia: kuwafanya watu kuwa majirani.

Mwezi wa Januari 1877 Stanley alipita hapo. Watu wake walifyeka msitu wakavuta mitumbwi juu ya nchi kavu, huku wakipigana na wenyeji. Wakafuata watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Lugha yetu hii ya Kiswahili ilifika huku kwa njia zao. Lakini njia hizo hizo zilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Kisha ikaja serikali ya mfalme Leopold, tangu 1885 hata 1908, pamoja na upagazi na mpira wa kulazimishwa. Basi njia ya majirani ikageuka kuwa njia ya kuchukua mali na kuipeleka mbali.

Mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilimalizika katika ng'ambo ya kushoto. Wapagazi wakapumzika. Lakini gari la moshi lilisimama vituoni tu. Mtu wa kijiji cha ndani aliendelea kutegemea kijia chake. Hivyo hivyo Injili. Padri Gabriel Grison alifika Stanley Falls mwezi wa Desemba 1897, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Kutoka misioni mpaka vijijini, habari njema ilikwenda kwa mtumbwi na kwa miguu ya makatekista. Baadaye wengi walipata kinga, yaani baisikeli, na safari ikawa fupi.

Tusisahau na machozi. Mwaka 1997 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walitembea wakiifuata reli hiyo, wakapiga kambi Lula, Kasese na Biaro. Wengi walikufa hapo kwa njaa na ugonjwa, na wengi waliuawa. Apitaye hapo na awaombee.

Katika vita vya 1998 hata 2003, meli na magari yalipokosekana, kinga ndiyo iliyolisha mji. Wanaume waliisukuma toka vijijini, imelemewa na mihogo, mchele na mafuta ya mawese, wakiishika kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Mjini Kisangani vijana walichukua abiria kwa kinga, wakaitwa «toleka», neno la Kilingala maana yake «tupite».

Wasomaji wapenzi, historia hii inatufundisha nini? Yatufundisha kwamba njia kubwa zilizotengenezwa na wageni huweza kufa, bali njia ndogo ya majirani huishi muda wote inapotunzwa. Nayo haidai mali nyingi. Yataka upana wa watu wawili wapishanao, magogo imara juu ya kijito, mfereji wa kutoa maji ya mvua, na panga kila majani yanaporudi. Kijito kimoja kisicho na daraja chatosha kumzuia mama mwenye uchungu wa kuzaa asifike kwa mkunga.

Wengi walichoka na kazi ya njia, kwa sababu tangu ukoloni waliifanya kwa kushurutishwa. Twaelewa. Lakini kufyeka njia ya jirani si utumwa, ni mapendo. Kama kila kijiji kitasafisha nusu ya njia mpaka kwa jirani yake, wote watakutana katikati. Yohane Mbatizaji alihubiri kutengeneza njia ya Bwana. Na Bwana huweza kuja kwetu katika mgonjwa anayebebwa juu ya kinga.